Geuza Uone Chini: Mwongozo wa Kununua Zawadi katika Maduka ya Vitu vya Mkono na vya Kale, Mji Mkongwe

Sanamu yangu ya kwanza ya mpingo ilinichafulia kanzu. Niliinunua Ijumaa asubuhi katika duka moja ambalo silitaji, nikaikumbatia kwapani, na jasho la Unguja likafanya kazi yake. Nilipofika msikitini ubavu mzima ulikuwa mweusi kama nimelalia jivu. Haikuwa mpingo, ilikuwa mti mweupe uliopigwa rangi ya viatu. Muuzaji alikuwa na lake la kujibu, lakini mimi pia nilikosea: niliitazama sanamu usoni tu, sikuigeuza.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayekwenda Mji Mkongwe kutafuta zawadi ya harusi, ya mkwe, au ya mwalimu anayestaafu, na anataka kitu kilichotengenezwa kwa mkono au kilichoishi kabla yake. Mengi ya humu utayatumia vilevile Lamu, Mombasa au kwenye vibanda vya wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam.

Kwa nini ugeuze

Katika maduka haya unalipia vitu viwili ambavyo havipo kwenye duka la kawaida: mkono na umri. Mkono ni siku ambazo mtu alikaa kitako akatoboa, akasuka au akachonga. Umri ni miaka ambayo kitu kimepita mikononi mwa watu. Vyote viwili vinaigizwa kirahisi upande wa mbele, kwa sababu mbele ndiko mnunuzi anakotazama. Chini, ndani na nyuma hakuna anayejisumbua kupaigiza, maana kupaigiza ni gharama.

Tena usidhani kila kitu cha bandia kina mwongo nyuma yake. Rafu moja ya duka la Mtaa wa Gizenga au Hurumzi inaweza kubeba dele la bibi wa mtu na dele lililotoka kiwandani mwaka jana, na mwenye duka ameyanunua yote mawili kwa dalali yuleyule, kwa maneno yaleyale. Wakati mwingine yeye hajui zaidi yako.

Kabla hujatoka nyumbani

1. Amua unamnunulia nani na atakitumia vipi. Chetezo cha shaba kwa mtu asiyefukiza udi kitaishia juu ya kabati.
2. Chukua vipimo. Kofia haibahatishwi: zungusha uzi kichwani kwa atakayeivaa, juu kidogo ya masikio, ukate hapohapo, uende na uzi huo dukani. Ikiwa ni kawa la kufunikia chakula, pima upana wa sinia lake.
3. Weka kikomo cha fedha na ukiandike. Ukishashika kitu kizuri mkononi, hesabu za kichwani hulainika.
4. Chagua saa. Asubuhi ndiyo bora, kwa mwanga na kwa utulivu wa mwenye duka. Maduka mengi hufunga adhuhuri na kufungua tena alasiri, na Ijumaa mchana usijisumbue. Mwezi wa Ramadhani wengi hupenda kuuza usiku, na usiku taa ya njano hufanya kila shaba ionekane ya kale.

> Cha kubeba mfukoni
> ☐ Sumaku ndogo, hata ile ya kubandikia karatasi kwenye friji
> ☐ Kitambaa cheupe na chupa ya maji
> ☐ Simu yenye tochi
> ☐ Uzi wa kipimo
> ☐ Noti ndogondogo
> ☐ Kanga au taulo ya kufungia vinavyovunjika

Kuingia

Duka dogo ni kama sebule ya mtu. Piga hodi hata kama mlango uko wazi, amkia, kisha sema wazi kwamba unatazama kwanza. Aliye mkubwa kwako ni ami au bi mkubwa, na hakuna haraka. Ukiingia unauliza bei kabla ya salamu utapewa bei ya mgeni, na kwa kweli utakuwa umejitakia.

Swali baya kuliko yote ni "Hii ya zamani?" Jibu lake ni ndiyo, kila siku na kila duka. Uliza lisilojibiwa kwa neno moja:

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, karibu. Tazama, kutazama hakulipiwi."

"Ami, dele hili umelipatia wapi?"

"Limetoka Pemba, kwa watu waliokuwa wanahama nyumba. Mkono wake huu si wake, uling'oka, nikatiliwa mwingine na fundi."

Mtu anayekutajia kilichokarabatiwa bila kuulizwa, kaa naye. Mwingine atakwambia "sijui, nimenunua tu", na huyo naye ni wa kuaminika. Wa kuogopa ni yule ambaye kila kitu chake kilikuwa cha sultani.

Omba ruhusa kabla ya kushika, kabla ya kugeuza, na hasa kabla ya kupiga picha. Mafundi wengi wameona michoro yao ikichukuliwa kwa simu na kurudi sokoni imechapishwa na mashine.

Kukagua kitu kwa kitu

*Mpingo.* Huu ni mti mzito kupita kiasi. Kipande cha mpingo kikitumbukizwa majini huzama. Kwa hiyo kwanza pima uzito kwa kiganja. Pili, lowesha kitambaa cheupe usugue chini ya sanamu, penye kitako, si usoni. Kikitoka cheusi, rudisha sanamu na ushukuru. Tatu, tafuta utepe wa rangi ya manjano au maziwa: ndiyo sehemu ya nje ya mti, na wachongaji wengi wa Kimakonde huuacha kwa makusudi. Tazama pia zile sanamu za ujamaa, ambapo watu wamepandana kama mnara. Chungulia katikati ya miguu na mikono yao. Fundi aliyetulia amesafisha hata pasipofikiwa na jicho. Aliyefanya haraka ameacha alama za patasi na vumbi.

*Kofia za mkono.* Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila kujua, na hapa ndipo mwenye duka mwaminifu huumia zaidi, maana kofia ya cherehani na kofia ya mkono zikilazwa pamoja zinafanana. Kofia ya kutobolewa kwa mkono huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Nyingi hushonwa na wanawake majumbani, katikati ya kazi nyingine. Ifanye hivi:

1. Ipindue ndani nje. Kwenye kofia ya mashine utaona nyuzi ndefu zinazoruka kutoka ua moja hadi jingine. Ya mkono, ndani yake inakaribia kuwa nzuri kama nje.
2. Iinue mbele ya mwanga. Vitobo viwe wazi, kila kimoja kimezungushwa uzi. Mwanga usipopita, ni mapambo ya juujuu.
3. Tafuta kosa. Mahali fulani mchoro unapokutana na mwanzo wake patakuwa na tofauti ndogo, ua limebanwa au tundu limezidi. Mashine haikosei namna hiyo.
4. Bonyeza ukingo. Kofia nzuri husimama bila kujazwa karatasi.

Kuhusu bei, fanya hesabu hii kabla hujalalamika. Tuseme umeambiwa shilingi laki moja, na kofia imechukua miezi miwili. Hiyo ni chini ya shilingi elfu mbili kwa siku, na bado hujatoa uzi, kitambaa na faida ya duka. Mimi nikishaifanya hesabu hiyo mdomo wangu hufunga wenyewe.

*Makasha na vibweta.* Kasha la njumu, lile la misumari ya shaba kifuani, ni zawadi ya harusi isiyozeeka. Mengi ya kale yaliletwa na majahazi kutoka India; mengine yalitengenezwa na mafundi wa hapahapa, na mpaka leo yanatengenezwa. Jipya la fundi mzuri si bandia. Bandia ni jipya linalouzwa kwa bei ya la kale.

Peleka sumaku kwenye misumari na mabati yake. Shaba haishiki sumaku. Ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi. Kisha fungua, utie kichwa ndani. Harufu ya vanishi mbichi inasema mengi. Vuta saraka zote mpaka zitoke, uangalie pande zake ambazo haziguswi: mbao ya zamani imefifia kwa usawa, na pale saraka inapoteleza pamechakaa. Mbao iliyozeeshwa kwa dawa ina giza mpaka kwenye pembe ambazo hakuna mkono ungefika. Angalia skrubu: zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo zikishikilia bawaba za kasha "la karne ya 19", ama limekarabatiwa ama umedanganywa. Uliza lipi. Mwisho gonga chini ya kasha juu ya karatasi nyeupe. Likimwaga unga laini wa mbao, dumuzi bado wamo ndani, na utawapelekea maharusi wadudu wa kula kitanda chao.

(Makasha mengine yana saraka ya siri. Usiitafute kwa nguvu. Mwombe mwenye duka akuonyeshe. Wengi wanalisubiri ombi hilo tangu asubuhi.)

*Madele, mirashi, masinia.* Sumaku tena. Halafu chungulia ndani ya dele kwa tochi. Dele la shaba hupakwa bati ndani ili kahawa isiguse shaba. Bati likiwa limetoka, au ukiona kijani, lipe kama pambo na umwambie unayempa asilichemshie kitu mpaka lipakwe upya. Usikubali duka likung'arishie kitu cha kale "kipendeze". Ile rangi ya kahawia iliyotulia juu ya shaba ndiyo sehemu ya umri unayoilipia.

*Sarafu.* Hapa nina neno refu kidogo, kwa sababu sarafu ni zawadi nzuri kwa wazee na pia ndiyo biashara yenye hadithi nyingi za uongo.

Utaonyeshwa reale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Utaambiwa: "Soma mwenyewe, 1780." Ni kweli imeandikwa 1780, ila zote zimeandikwa 1780. Malkia alifariki mwaka huo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu waliizoea sura hiyo, viwanda viliendelea kuipiga kwa tarehe ileile kwa zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukwambii umri wake. Ya halali ina uzito wa gramu 28 hivi na upana wa karibu milimita 40, na imeandikwa maneno ukingoni. Izungushe kati ya vidole: ukingo mtupu au wenye mistari tu ni dalili ya kuigiza. Haishiki sumaku.

Kwa fedha ndogo zaidi, tafuta pesa ya shaba yenye picha ya mizani, ya enzi za Sayyid Barghash, iliyoandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882. Au shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba: iliyopigwa kati ya 1921 na 1946 ina fedha robo, za baada ya hapo hazina. Mwaka wa kuzaliwa wa babu ukiupata kwenye shilingi ya simba, umemaliza kazi.

*Kanga za zamani.* Kanga haitengenezwi kwa mkono, lakini kanga iliyohifadhiwa miaka mingi ni kumbukumbu kamili. Zilizo kongwe zina jina kwa herufi za Kiarabu. Fungua yote, usinunue iliyokunjwa: madoa na matundu hukaa kwenye mikunjo. Uliza kama ni doti au kipande kimoja. Na soma jina. Soma, umwite mtu mzima akusomee tena. Kanga husema, na nyingine husemea ubaya. Nimeshuhudia kijana akimpa mama mkwe kanga ya rangi nzuri sana yenye jina la kijembe kwa watu wanaoingilia ndoa za wenzao. Bibi yule aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakuivaa hata siku moja.

*Ukili.* Mkeka, msala, kawa, kijamanda: nusa na ukunje. Ukindu una harufu ya majani makavu na hukunjika kwa sauti. Plastiki hukunjika kimya. Sugua rangi kwa kitambaa chenye maji, na uangalie kuvu kwenye mishono.

*Santuri.* Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na tangu hapo nyumba nyingi za pwani zilikuwa na santuri. Zile za kale za mizunguko 78 ni nzito na huvunjika kama sahani. Inayopindika ni ya baadaye. Ikodolee macho chini ya mwanga wa mshazari kuona mikwaruzo, na umwombe muuzaji aipige kama ana mashine.

*Picha za Tingatinga.* Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972. Miaka minne ni michache, kwa hiyo ukiambiwa duka lina "ya mwenyewe" kwa bei ya chakula cha mchana, tabasamu. Nunua ya mchoraji wa leo, uliza jina lake, hakikisha limo kwenye picha.

Kuafikiana bei

1. Maliza kukagua kwanza. Kasoro uliyoiona itaje kwa upole, wala usiivumbue.
2. Uliza kama bei ina maongezi. Kwa vitu vya kale mara nyingi inayo. Kwa kazi ya mkono iliyoletwa na fundi mwenyewe, pengine ni kidogo au hakuna.
3. Taja bei ambayo uko tayari kuilipa. Ukitaja na ikakubaliwa, umenunua. Kuondoka baada ya hapo ni aibu, na Mji Mkongwe ni mdogo.
4. Ikishindikana, omba nyongeza badala ya punguzo: kijamanda cha kufungia, au sarafu ndogo.
5. Omba risiti, pamoja na kijikaratasi: kitu gani, kimetengenezwa wapi, na nani kama anajulikana, kimekarabatiwa nini. Karatasi hiyo ni nusu ya zawadi.

> Makosa ya kila siku
> – Kununua katika duka la kwanza kwa kuogopa kupotea vichochoroni. Utapotea tu, kisha utatokea Forodhani.
> – Kumfuata mtu aliyekushika mkono barabarani. Anayekuleta hulipwa, na anayelipa ni wewe.
> – Kudhani kwamba kilichochakaa ni cha kale.
> – Kununua kasha saa moja kabla ya boti.

> Usinunue kabisa
> Pembe za ndovu, hata kipande cha bangili "ya marehemu bibi". Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na kukutwa nayo ni kesi nzito.
> Gamba la ng'amba na kasa wengine: vitana, pete, visanduku.
> Vipande vya milango ya kale. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mlango uliong'olewa ni nyumba iliyojeruhiwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, pamoja na milango iliyochongwa kwa mitindo ya Mashariki kabla ya 1940. Ukitaka mlango, mwagize fundi akuchongee mpya.

Kufunga, kusafirisha, kukabidhi

Mifuko ya plastiki isahau, imepigwa marufuku pande zote mbili za Muungano. Funga finjani na santuri ndani ya kanga, na kanga hiyo iwe sehemu ya zawadi. Kasha zito lifungwe saraka zake kwa kamba, ufunguo uende mfukoni mwako. Ukisafirisha kwenda Muscat, London au kwingine, vitu vya mbao na ukili visiwe na magamba ya mti, mchanga wala wadudu, na risiti ikae juu ya mzigo kwa ajili ya forodha.

Unapokabidhi, mweleze mpokeaji matunzo yake. Mpingo upakwe mafuta kidogo, usiwekwe juani, utapasuka. Kofia ifuliwe kwa mkono na ikaushwe juu ya bakuli lililofudikizwa. Mkeka uanikwe kivulini kila baada ya masika. Shaba ifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Santuri isimame wima, isilazwe juu ya friji.